Kufifia kwa Gulio la Lhubiriha

Tunaposoma historia ya Kasese tunasoma shaba ya Kilembe, reli iliyofika mjini mwaka 1956, na harakati za Rwenzururu. Soko halitajwi, au hutajwa kwa mstari mmoja. Katika insha hii ninazungumzia gulio la Lhubiriha, lile la Jumanne na Ijumaa huko Mpondwe, karibu na Bwera, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Dai langu ni kwamba gulio lile la wazi, la watu waliotandaza bidhaa chini kando ya barabara, limefifia, ingawa biashara ya mpakani haijafa. Mambo hayo mawili huchanganywa sana. Mtu akiona malori mengi pale mpakani husema soko linastawi.

Chanzo ni chumvi. Kabla ya ukoloni, chumvi ya Ziwa Katwe ilisafirishwa kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu hadi nchi ambayo leo ni Kongo, na waliokuja kuifuata walileta vyakula na bidhaa nyingine. Ephraim Kamuhangire ameandika kwa kirefu juu ya eneo hilo la maziwa ya chumvi, na anayedhani kwamba biashara ililetwa na Wazungu amsome. Lugard alipojenga ngome ya Fort George hapo Katwe mwaka 1891 hakuvutiwa na mandhari. Alijua kwamba anayeishika Katwe anashika mapato ya mfalme Kabalega wa Bunyoro.

Mwaka 1910 wakoloni walikubaliana juu ya mpaka, na mto Lhubiriha ukawa sehemu yake. Upande huu wakabaki Wakonzo, upande ule Wanande, watu ambao lugha zao zinakaribiana kiasi kwamba wanasikilizana bila mkalimani. Mama aliyezoea kumpelekea shemeji yake kikapu cha maharage akawa, bila kujua, mfanyabiashara wa kimataifa. Kwa maoni yangu gulio lilipata nguvu yake hapo: lilikuwa mahali ambapo ukoo uliokatwa na mto uliweza kukutana bila kuulizwa maswali mengi.

Miaka ya 1970 ilileta magendo. Wahindi walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, sukari na sabuni zikaadimika madukani, na mkulima wa kahawa akaona bei ya serikali ni kama dhihaka. Kahawa ya mlimani ikavuka usiku kwenda Zaire. Wazee niliozungumza nao hawaoni haya kusimulia jambo hili. Mmoja aliniambia kwamba ada yake ya shule ilivuka mto kichwani mwa baba yake.

Jambo ambalo sijaliona likiandikwa ni lugha. Katika sehemu nyingi za Uganda, Kiswahili kilijulikana kama lugha ya askari, tena askari wa kuogopwa. Lhubiriha kilikuwa lugha ya vitenge, mawese na makayabu. Akina mama ambao hawakukaa darasani hata siku moja walijifunza kuhesabu, kubembeleza na kugombana kwa Kiswahili cha Kongo, chenye faranga na bikwembe ndani yake. Baraza la Mawaziri lilipokubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, hapa mpakani kulikuwa tayari na shule moja ya Kiswahili isiyo na mwalimu wala ada. Wakati huo shule hiyo ilikuwa imeanza kufungwa.

Ilifungwaje? Jibu la kawaida ni maradhi. Ebola ilitangazwa upande wa Kongo Agosti 2018, na Juni 2019 ikathibitishwa hapa kwetu, katika familia iliyovuka kutoka Kongo na kutibiwa Bwera. Mikusanyiko ikasimamishwa, siku za gulio zikiwemo. Machi 2020 ikaja korona na mpaka ukafungwa. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshi. Waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na Bwera Novemba 1996, watu wakakimbia, na bado gulio likarudi. Kwa nini safari hii halikurudi kama lilivyokuwa?

Nadhani tofauti iko katika namna mpaka ulivyofungwa. Mwaka 2020 mtembea kwa miguu alizuiwa, lakini lori la mizigo liliruhusiwa kupita. Katika vita wote walisimama pamoja na wote wakaanza upya pamoja. Katika korona mmoja alisimama na mwingine akaendelea. Wanunuzi wa Beni na Butembo wakazoea kuagiza kwa simu na kupokea mzigo kutoka kwa dereva. Mama wa beseni naye alikula mtaji wake nyumbani, na mpaka ulipofunguliwa alikuta wateja wake wana mtu mwingine.

Mengine yaliongezea tu. Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walizindua pale Mpondwe ujenzi wa barabara za Kongo, ikiwemo ya Kasindi hadi Beni, na barabara nzuri humfaa kwanza mwenye gari. Soko jipya la mpakani, lililojengwa kupitia mradi wa Benki ya Dunia wa kurahisisha biashara katika Maziwa Makuu, lina paa na sakafu, na silibezi: nani anapenda kuuza nyanya kwenye matope? Lakini kibanda cha kudumu kinamfaa anayeuza kila siku. Anayeshuka mlimani mara mbili kwa wiki na mkungu mmoja wa ndizi anahitaji nafasi tu ya kutandaza gunia. Kisha, Juni 2023, ADF wakaua watu zaidi ya 40 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha na jirani yake, wengi wao wanafunzi. Tangu hapo watu huondoka mapema. Saa ya jioni, ambapo bei zilishuka na maskini akapata kununua, imepotea.

Ugumu wa kuandika haya ni vyanzo. Forodha huandika malori. Shirika la Takwimu la Uganda limekuwa likifanya uchunguzi wa biashara isiyo rasmi mipakani, Mpondwe ikiwemo, na kazi hiyo ni ya thamani, lakini inatuonyesha bidhaa na thamani yake. Haituonyeshi ni nani aliyeacha kuja, wala anaishije sasa. Nilizungumza na akina mama watatu waliouza hapo tangu Kongo ilipoitwa Zaire. Mmoja amerudi shambani. Wa pili anauza maharage mbele ya nyumba ya mwanawe Bwera, kwa majirani, kwa Lhukonzo. Wa tatu bado huenda kila Ijumaa, akinunua mawese kutoka kwa dereva yuleyule anayewauzia wenye maduka, kwa bei ileile yao.