Kuchimba kisima na trakta: mambo ya kujua mbele ya kutoboa parseli yako

Bukavu iko pembeni ya ziwa Kivu, lakini maji ya kunywa ni shida ya kila siku. Kwenye kartie nyingi za Kadutu, Bagira na Ibanda, robine ya Regideso inaweza kukauka siku nyingi, na wamama pamoja na watoto wanashuka na bidoni mpaka kwenye chemchemi, mto ao ziwa. Ndiyo maana wakaaji wengine wanawaza kujichimbia kisima, na wanauliza kama trakta inaweza kufanya kazi hiyo. Inaweza, lakini si kila fasi.

Trakta inafanya nini?

Trakta yenyewe haichimbi. Inatoa nguvu tu. Nyuma yake kuna chuma kinachozunguka, ambacho kwa kawaida kinafikia mizunguko 540 kwa dakika. Ni kile kinachoendesha mashine za shamba. Mafundi wanafunga hapo mashine ya kutoboa: inazungusha bomba la chuma lenye meno kwenye ncha, na pompi inasukuma maji yenye udongo laini ndani ya shimo ili kutoa uchafu na kuzuia kuta zisianguke. Kwenye jiwe gumu meno hayatoshi. Hapo inaombwa nyundo inayopigwa na hewa ya kompresa kubwa, na bei inapanda.

Watu wasichanganye mashine hiyo na ile ndogo ya kutoboa mashimo ya nguzo za lupango. Ile inashuka mita moja hivi, haifiki kwenye maji.

Bukavu na bonde la Ruzizi si sawa

Kwenye bonde la Ruzizi, kutoka Kamanyola mpaka Uvira, udongo ni tambarare, ni mchanga na udongo wa mfinyanzi ulioletwa na mito. Trakta inafika bila shida na kutoboa ni rahisi zaidi. Shida ya kule ni kwamba fasi zingine maji yanatoka na chumvi.

Bukavu ni mji wa milima. Ziwa liko kwenye mita 1.460 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba zinapanda juu sana kuliko hapo. Chini ya udongo mwekundu kuna jiwe la volkano, na maji yanapita ndani ya nyufa zake. Ukitoboa pembeni ya ufa, shimo linabaki kavu, na pesa imekwisha kwenda. Tena njia nyingi za Kadutu hazipitishi hata gari dogo.

Kuna hatari nyingine: udongo unaotembea. Funu inajulikana kwa jambo hilo, nyumba zinapasuka polepole. Kwenye mteremko wa namna hiyo, bomba la foraji linaweza kukatika chini, na maji yanayomwagika juu yanazidi kulainisha udongo wa jirani.

Choo cha jirani

Hapa ndipo watu wanaugua. Kisima kinapaswa kuwa mbali na choo angalau mita 30, na chini ya shimo la choo kubaki mita 1,5 mbele ya kufika kwenye maji. Ndani ya jiwe lenye nyufa hata mita 30 zinaweza kukosa kutosha. Sasa angalia parseli ya Cimpunda ao Nyamugo: ndani ya mita 30 kuna vyoo vingapi? Maji yanaweza kutoka meupe kabisa na kubeba kipindupindu. Macho hayapimi maji. Yanapimwa kwenye laboratwari, na maji mazuri hayana hata kijidudu kimoja cha mavi ndani ya mililita 100.

Kisima kizuri kinajengwaje?

Ndani ya shimo inaingizwa bomba la plastiki, na sehemu inayofika kwenye maji ina matundu madogo. Pembeni yake inamwagwa changarawe safi. Mita za juu zinafungwa na simenti ili maji ya mvua yasishuke pembeni ya bomba. Juu inajengwa sakafu ya simenti na mfereji wa kutoa maji. Kisha pompi inavuta maji saa nyingi, ili kuona kama kisima kinajaa tena. Fundi anayeomba malipo yote mbele ya jaribio hilo, usimkubalie.

Kwa wale wanaochimba na mikono: usishuke peke yako, na usishushe motere ya mafuta ndani ya kisima. Moshi wake unaua bila harufu kubwa. Wakaaji wa pande za Goma wanajua mazuku, hewa mbaya inayolala chini. Kisima nacho kinaweza kuwa na hewa ya namna hiyo.

Sheria inasema nini?

Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Lakini sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema maji, hata yale ya chini ya udongo, ni mali ya Dola. Karatasi ya parseli haikupi maji yaliyo chini yake. Mbele ya kuita trakta, pita kwa shefu wa kartie, kwenye komini na kwenye idara ya mazingira ya jimbo, uulize ruhusa gani inaombwa.

Kama haiwezekani

Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba inatoa litri 1. Bati la mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, linatoa litri 800. Hata zikipotea kidogo, zinabaki karibu litri 640, yaani bidoni 32 za litri 20. Kutoka Septemba mpaka Mei mvua haikosi. Shida inabaki kwa miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti. Hapo majirani wanaweza kuchanga na kujenga vizuri chemchemi ya kartie: kazi hiyo mara nyingi inaomba pesa kidogo kuliko foraji moja, na inanywesha avenyi nzima.

Maji yatoke kwa kisima, bati ao chemchemi, ya kunywa yachemshwe, ao yatiwe klorini na kungoja dakika 30.