Nani Anajenga, na kwa Manufaa ya Nani?

Jeshi la ubeberu haliishi kwa bunduki peke yake. Kabla ndege ya kivita haijaruka, lazima awepo aliyemwaga zege, aliyeshindilia kifusi na aliyejenga gati. Kwa hiyo kada asiishie kuhesabu mizinga ya adui. Hana budi kuuliza pia nani anajenga, kwa amri ya nani na kwa manufaa ya nani. Historia ya kituo cha wajenzi wa Jeshi la Majini la Marekani huko Port Hueneme, California, inatupa jibu.

Chanzo cha Kituo

Jina Hueneme ni la Wachumash, wenyeji wa pwani ile kabla ya wakoloni. Bandari yenyewe haikujengwa kwa ajili ya vita. Ilikamilika mwaka 1940 ili wakulima wa wilaya ile wapate pa kusafirishia mazao yao. Mwaka 1942 Jeshi la Majini liliichukua, likaifanya ghala na mlango wa kupeleka watu, mashine na vifaa katika visiwa vya Pasifiki.

Mwaka huohuo Admeri Ben Moreell aliunda vikosi vya ujenzi, vilivyoitwa Seabees kutokana na herufi C na B. Walioandikishwa kwanza walikuwa mafundi hasa: maseremala, waashi, mafundi bomba na madereva wa katapila. Hadi vita kwisha, watu wapatao 325,000 walikuwa wamevitumikia. Vita vile vilikuwa dhidi ya ufashisti, nasi hatudharau jasho la mafundi wale. Lakini ufashisti ulipoanguka mwaka 1945, chombo kile kilibaki mikononi mwa tabaka lilelile la mabepari. Kikapelekwa Korea, kisha Vietnam.

Diego Garcia

Hatimaye kilifika katika bahari yetu. Mwezi Novemba 1965 Uingereza iliimega Chagos kutoka Morisi, ambayo haikupata uhuru hadi mwaka 1968. Mwaka 1966 Uingereza ilikubaliana na Marekani visiwa hivyo vitumike kijeshi. Mwezi Machi 1971 Seabees waliteremka Diego Garcia na matingatinga yao.

Wenyeji walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya minazi, wengi wao wazao wa watumwa waliotolewa Madagascar na Msumbiji. Kati ya mwaka 1968 na 1973 watu wasiopungua 1,500 waliondolewa Chagos, wakatupwa Morisi na Shelisheli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akafukuzwa.

Tarehe 16 Desemba 1971, Umoja wa Mataifa ulitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Ujenzi haukusimama. Uwanja wa ndege ulirefushwa hadi futi 12,000, na ndege za mabomu ziliutumia katika vita vya Iraki mwaka 1991 na 2003, na vya Afghanistani kuanzia mwaka 2001.

Mafunzo kwa Kada

Kwanza, ufundi peke yake hauna upande. Tingatinga lililoweza kulima barabara ya kijiji ndilo lililosawazisha kisiwa cha watu waliofukuzwa. Anayeamua ni mwenye amri, na ndiyo sababu suala la dola ni suala la msingi.

Pili, bendera kubadilika hakutoshi. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza inapaswa kuacha kuitawala Chagos haraka iwezekanavyo. Mwezi Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuirudishia Morisi mamlaka, lakini kwa sharti kwamba kambi ya Diego Garcia ibaki kwa miaka 99. Mamlaka kwa Morisi, uwanja wa ndege kwa beberu: huo ndio ukoloni mamboleo.

Kwa hiyo kila tunapoletewa mradi wa gati au uwanja wa ndege, tusiulize bei yake tu. Tuulize funguo zitakaa kwa nani.