Mbona Probox ya kilomita 310,000 bado ni ghali?

Mathe anauza nyanya na kila alfajiri tunakodi pikapu. Juzi nikaulizia Probox imetembea kilomita 310,000. Bei ikanitoa jasho. "Kijana, hiyo injini bado," mwenyewe akaniambia. Nikadhani ananichezea, kumbe historia iko upande wake. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba ya Japani ilimwagika Mombasa. Baadaye mlango ukabanwa: gari la zaidi ya miaka minane haliingii, na 2023 ushuru wa forodha ukatoka asilimia 25 hadi 35. Januari 2024 dola ikagonga karibu shilingi 160. Sasa ya bandarini ikipanda bei, hii kuukuu ya mtaani inafuata. Na spea zake zimejaa Grogan, so nani atakuuzia bei ya kutupa? Kesho tunakodi tena.