Mafua katika Mwambao wa Tanganyika: Mashtaka dhidi ya Mvua

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kigoma na Ujiji hadi vijiji vya wavuvi vilivyo chini ya milima ya Mahale, mvua na upepo wa ziwani vimeshutumiwa kwa muda mrefu kuwa ndivyo vinavyowaletea watoto mafua na kile ambacho wazazi hukiita kifua, yaani maradhi ya njia ya hewa yanayoanza kwa kamasi na kikohozi, na pengine kuishia kwenye nimonia, ugonjwa unaojaza majimaji na usaha katika sehemu za mapafu zinazopaswa kujaa hewa. Mtoto aliyenyeshewa huvuliwa nguo mbichi upesi, hufutwa maji, huvikwa sweta, na akikohoa siku mbili baadaye hapana anayetafuta sababu nyingine.

Sehemu moja ya shutuma hiyo ilisafiri na misafara. Waarabu na Waswahili waliokuja Ujiji tangu miaka ya 1840 walitoka pwani, ambako matabibu waliosoma vitabu vya Kiarabu walirithi elimu ya Wayunani iliyopangwa upya na Ibn Sina katika karne ya 11, elimu inayofundisha kwamba mwili hutawaliwa na tabia nne, yaani joto, baridi, ukavu na unyevu, na kwamba kamasi ni dalili ya baridi na unyevu vilivyozidi. Wazungu waliowafuata hawakuleta fikra tofauti sana, kwa kuwa tiba yao nayo ilikuwa na asili hiyo hiyo: wasafiri na wamisionari wa karne ya 19 walishauriwa kuvaa nguo za sufu na hata kujifunga mkanda wa sufu tumboni katika nchi za joto, ili baridi isiwapate. Waha na Wajiji, wenyeji wa mwambao huo, bila shaka hawakungoja mgeni awaambie kwamba mvua ya usiku hutesa.

Ushahidi mashuhuri zaidi ulioandikwa katika nchi hizi unamhusu mtu mzima. David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, akiwa magharibi ya ziwa katika safari ya kuelekea Ujiji, aliandika katika shajara yake ya Januari 1, 1869 kwamba alikwisha kulowa mara zisizo na idadi, lakini kulowa kwa siku iliyotangulia kulipita kiasi. Hata hivyo aliuvuka mto Lofuko maji yakimfika kiunoni, na baada ya siku chache alikuwa na nimonia ya pafu la kulia, akikohoa mchana na usiku na kutoa makohozi yenye damu. Mohamad Bogharib, mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri naye, alimtunza na kumfanyia mpango wa kubebwa kitandani, na Machi 14 mwaka huo akafika Ujiji. Kwa haki, shahidi huyu anaudhoofisha ushahidi wake mwenyewe, kwa sababu aliyelowa mara zisizo na idadi bila kupata nimonia amekwisha kuonyesha kwamba maji peke yake hayatoshi. Alikuwa amedhoofika kwa maradhi ya miaka mingi na akisafiri pamoja na umati wa wapagazi. Na mwaka 1881 Louis Pasteur huko Ufaransa na George Sternberg huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walikiona kijidudu ambacho baadaye kilithibitishwa kuwa msababishi mkubwa wa nimonia, nacho huishi kooni mwa watu wasio wagonjwa, hasa watoto wadogo.

Hata hali ya hewa ya Kigoma haikubaliani na shutuma kwa urahisi. Mvua hunyesha takriban kuanzia Oktoba au Novemba hadi mwanzoni mwa Mei, ilhali usiku wenye baridi zaidi ni wa Juni na Julai, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapovuma na ardhi ni kavu. Baridi na unyevu, ambavyo lugha ya wazazi huvifunga pamoja, hapa huja kwa zamu.

Mwaka 1914, mwaka ule ule reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma, daktari Walter Kruse wa Leipzig alichuja makamasi ya mgonjwa wa mafua kwa chujio lisilopitisha bakteria, akawatia watu wengine puani, na baadhi yao wakaugua, ishara kwamba chanzo ni kitu kidogo kuliko bakteria, ambacho leo huitwa virusi. Kituo cha utafiti wa mafua kilichofunguliwa Salisbury, Uingereza, mwaka 1946 kiliwaweka watu waliojitolea wakiwa wamelowa mahali penye upepo, na hawakuugua zaidi ya wenzao. Lakini kesi haikufungwa. Mwaka 2005 watafiti wa Cardiff waliwatia watu 90 miguu katika maji baridi kwa dakika 20, na katika siku chache zilizofuata asilimia 29 yao walieleza dalili za mafua, dhidi ya asilimia 9 ya wengine 90 waliokaa pakavu, ingawa hapana aliyepimwa virusi. Yamkini baridi hubana mishipa ya damu puani na kulegeza ulinzi dhidi ya virusi ambavyo tayari vimo, lakini haiwezi kuviumba.

Ushahidi ulio bora kuliko wa maabara, hata hivyo, umo katika mwambao wenyewe, nao ni wa sokwe. Sokwe hana paa: huketi mvuani akitetemeka, na kiota anacholalia kiko wazi juu. Jane Goodall, aliyeanza kuwatafiti huko Gombe, kaskazini ya Kigoma, Julai 1960, aliona kwamba kikohozi chao huzidi wakati wa mvua, jambo ambalo mzazi yeyote wa Ujiji angelikubali papo hapo. Lakini vifo vingi havikufuata mvua za kila mwaka. Vilikuja kwa mawimbi, kama yale ya Gombe ya 1968, 1987 na 1996, huku miaka mingine ya mvua ikipita bila msiba wa namna hiyo. Mahale, ambako Toshisada Nishida alianza utafiti mwaka 1965, wimbi la mwaka 2006 liliua sokwe kadhaa, na watafiti walikuta katika sampuli zao virusi vya jamii ya metanyumovirusi, vyenye nasaba na vile vinavyowaletea binadamu mafua. Aliyevipandisha mlimani ni mtu, si wingu. Ndiyo maana mgeni wa Mahale hutakiwa kuvaa barakoa mbele ya sokwe, na mwenye mafua hukatazwa kuwaendea.

Kwa watoto wa binadamu njia ni ile ile, ila fupi zaidi. Utafiti uliofanywa katika kaya za Kilifi, Kenya, kuhusu virusi vinavyoshambulia mapafu ya watoto wachanga ulionyesha kwamba mara nyingi walioviingiza nyumbani walikuwa kaka na dada, hasa wanaokwenda shule. Mvua ina sehemu yake hapo: huwakusanya watu ndani, madirisha hufungwa, na jiko la kuni lililokuwa uani huingizwa chini ya paa, na moshi wake hujulikana kuwa huongeza hatari ya nimonia. Msongamano ulipokuwa mkubwa kupita kiasi, kama katika kambi ya Nyarugusu baada ya wakimbizi wa Burundi kuvushwa kutoka kijiji cha Kagunga kwa meli ya MV Liemba mwaka 2015, maradhi ya njia ya hewa yalikuwa miongoni mwa yaliyowapeleka watu wengi zahanati.

Kwa hiyo kumfuta maji mtoto aliyenyeshewa ni jambo jema lisilo na ubishi, lakini si kinga. Chanjo dhidi ya kijidudu kile cha Pasteur na Sternberg hutolewa kwa watoto wachanga nchini Tanzania tangu mwanzoni mwa 2013. Mtoto mwenye kikohozi wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, au yeyote ambaye kifua chake hubonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, awe amenyeshewa au hakunyeshewa.