Milele ya Miaka Miwili: Urithi wa Rhodes na Dhahabu ya Kavirondo Kaskazini

Limezoeleka dai kwamba Kenya haikuwahi kuwa nchi ya matajiri wa madini. Afrika Kusini ilikuwa na Cecil Rhodes na almasi za Kimberley. Kongo ilikuwa na Mfalme Leopold na shaba ya Katanga. Kenya, tunaambiwa, ilikuwa nchi ya walowezi wa kahawa na mahindi, na dhahabu ya Kakamega ilikuwa kisa kifupi cha Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aliyeshika karai mtoni mwaka 1931, akafuatwa na kundi la wakulima waliofilisika. Kisa hicho kina watu wa kuonewa huruma, na walowezi wenyewe ndio waliokisimulia kwanza. Wajukuu wa watu waliochimbuliwa mashamba yao huko Isukha na Idakho wamekipokea kutoka vitabuni kana kwamba ni historia nzima.

Mimi nakikataa. Sababu zangu zimo katika maandishi mawili ambayo hayafunguliwi sana: kumbukumbu za mijadala ya mwisho wa 1932 na mwanzo wa 1933, Nairobi na London, na juzuu tatu za ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, ile iliyoongozwa na Sir Morris Carter, zilizochapishwa 1934. Ripoti ya tume yenyewe hutajwa kila mahali. Ushahidi uliotangulia ripoti, ambamo wazee, machifu, makasisi na vijana wa vyama vya Nyanza wanasema kwa vinywa vyao, umeachiwa watafiti wachache.

Habari za Rhodes zinajulikana, nami sitazirudia zote. Kampuni yake ilipata hati ya kifalme mwaka 1889 na kwa hati hiyo ikatawala nchi nzima kama shamba la mtu binafsi. Alitaka reli na waya wa simu kutoka Rasi hadi Cairo, na Machi 1899 alikwenda Berlin kumwomba Kaisari apitishe waya huo katika ardhi ya Wajerumani. Reli nyingine, isiyokuwa yake, ile ya kutoka Mombasa, iligusa maji ya Ziwa Nyanza, mahali palipobatizwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu, tarehe 20 Desemba 1901. Rhodes alifariki Machi 1902, na waya wake ulikomea Ujiji. Wengi hufunga kitabu hapo na kusema ndoto yake haikufika kwetu.

Ndoto ya mtu kama huyo haikuzikwa naye, maana ilikuwa na warithi wenye hisa. Mmoja wao alikuwa Robert Williams, Mskoti aliyezaliwa Aberdeen mwaka 1860, aliyekwenda Kimberley akiwa kijana, akafahamiana na Rhodes na kubaki mfuasi wake. Mwaka 1899 Williams aliunda kampuni ya Tanganyika Concessions, na kampuni ya Rhodes ikampa haki ya kutafuta madini katika maili za mraba 2,000 za Rhodesia Kaskazini. Mpelelezi wake, George Grey, alivuka mpaka akaithibitisha shaba ya Katanga, ambayo Waafrika walikuwa wakiifua kwa karne nyingi. Mwaka 1902 Williams alipata kwa Wareno kibali cha reli ya Benguela, na mwaka 1906 akawa miongoni mwa waasisi wa Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba hiyo ya Katanga. Alipewa cheo cha ubaroneti mwaka 1928. Kwa mtu huyu siasa, reli, vibarua na madini vilikuwa biashara moja. Alihitaji serikali ya kumpa kibali, reli ya kubeba mzigo, na watu wa kuchimba kwa ujira mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni yake ilikuja Kavirondo Kaskazini, wilaya yenye Kakamega.

Ilikujaje? Uingereza iliacha kufungamanisha pauni na dhahabu Septemba 1931, na bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Wakati uleule bei ya mahindi ilikuwa imeanguka na nzige walikuwa wamekula mashamba ya Uasin Gishu na Trans Nzoia. Mamia ya Wazungu walishuka Kakamega na mahema yao, wakapiga vigingi kando ya mito inayoingia Yala. Kwa miezi michache walikosha changarawe na kupata chembe. Lakini dhahabu ya mtoni huisha upesi. Iliyobaki imo ndani ya mishipa ya mawe meupe chini ya ardhi, na huko karai halifiki. Panahitajika shimo refu lililoegemezwa kwa mbao, pampu za maji, mashine za kuponda mawe na sianidi ya kuyeyushia dhahabu, na vyote hivyo vinahitaji benki. Mlowezi mwenye hema hakuwa na benki. Aliuza vigingi vyake au akaajiriwa, na wenye mtaji wa London wakachukua nafasi. Tanganyika Concessions ilishika sehemu yake, na kutokana nayo ikatokea kampuni ya Kentan, ambayo jina lake liliunganisha Kenya na Tanganyika na ambayo tawi lake ndilo lililofungua mgodi wa Geita, ng'ambo ya kusini ya ziwa. Mtu mwenye ramani anaweza kupiga mstari kutoka Kimberley kwenda Katanga, kisha Geita, kisha Kakamega, na kwenye mstari huo wote akakutana na mtaji wa ukoo mmoja.

Huo, kwangu, ndio utangulizi. Kiini cha jambo kipo katika sheria, na hapo nitakaa.

Mwaka 1930 serikali ya Kenya ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Ilizaliwa baada ya miaka mingi ya malalamiko. Tangu Desemba 1921, pale Lundha katika Gem, Jonathan Okwiri na wenzake wa chama cha vijana cha Piny Owacho walipolalamika dhidi ya kodi, kipande (kitambulisho cha kibarua) na kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni, watu wa Nyanza walikuwa wakidai uhakika wa ardhi yao. Waliona Kibos na Kibigori zikigawiwa wageni, wakajua rizavu, yaani ardhi iliyotengewa wenyeji, ni neno tu mpaka litiwe nguvu za sheria. Sheria ya 1930 ilionekana kutia nguvu hizo. Ilisema rizavu ni za wenyeji milele. Ilisema pia kwamba kipande chochote kikitolewa kwa haja ya umma, rizavu iongezewe ardhi nyingine yenye ukubwa na thamani ileile, na wenyeji waarifiwe kwanza kupitia baraza lao.

Desemba 1932, dhahabu ikiwa imethibitishwa na mtaalamu wa miamba Sir Albert Kitson ameshaitazama, serikali ya Gavana Joseph Byrne ilipeleka marekebisho katika Baraza la Kutunga Sheria. Ardhi ya madini sasa ingeweza kutolewa bila kuongezwa nyingine mahali pake. Fidia ya fedha ingetosha. Kuliuliza baraza la wenyeji kwanza hakukuwa tena sharti. Waziri wa Makoloni, Sir Philip Cunliffe-Lister, aliunga mkono. Shughuli yote ilipita haraka, Krismasi haijafika. Milele ilikuwa imedumu miaka miwili.

Katika mjadala huo Kamishna Mkuu wa Wenyeji, aliyewekwa kuwatetea Waafrika, alikiri kwa maneno ya wazi kwamba serikali italazimika kuwaumiza watu hawa mioyo na pengine kuvunja mila wanazozishika kama takatifu. Akaeleza sababu: mtu angehamishwa kutoka ardhi ambayo kwa desturi yake hakuna awezaye kumtoa, akawekwa kwenye ardhi ambayo mwenyewe, kwa desturi ileile, anaweza kumfukuza siku yoyote. Yeye mwenyewe aliunga mkono marekebisho. Nimeyasoma maneno yake mara nyingi, na kila mara yananiuma kwa sababu yanaonyesha kwamba walielewa. Hakuna awezaye kutuambia leo kwamba wakoloni hawakuijua sheria ya ardhi ya Waluhya. Walijua kwamba mtu asiye na ukoo mahali ni omumenya tu, kama alivyo jadak kwa Wajaluo: anapewa pa kulima na hawezi kurithisha. Walijua kwamba fedha ya fidia hainunui ukoo, hainunui makaburi, na katika sehemu kama Maragoli, palipokuwa na msongamano mkubwa kuliko karibu popote nchini, hainunui hata shamba jingine, kwa kuwa halikuwepo. Walijua, na wakapitisha.

Wako wanaotetea. Wanasema ekari zilizochukuliwa zilikuwa chache, mikataba ilikuwa ya muda, vibarua walipata ujira, na migodi mingi ilifungwa baada ya miaka michache. Sioni haja ya kuutembeza utetezi huu mbali. Ujira ulihitajika kwanza kabisa kulipa kodi, shilingi 12 kwa mwaka, ambayo serikali hiyohiyo iliitoza. Uchache wa ekari haujibu swali la ahadi, kwa kuwa walichojifunza watu wa Nyanza mwaka ule ni kwamba hakuna ekari moja iliyo salama siku itakapopatikana na kitu chini yake. Waliokwenda kusali kwenye misheni ya Maseno na wasiolijua kanisa walijifunza somo hilo pamoja.

Nampa nafasi zaidi kasisi Walter Owen, aliyekuwa kiongozi wa Waanglikana wa Kavirondo tangu 1918 hadi mauti yake mwaka 1945, ingawa wanahistoria wa kizalendo hawampendi. Wanamlaumu kwamba mwaka 1923 alikichukua chama cha vijana cha Piny Owacho akakigeuza kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, akakilaza. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini dhahabu ilipokuja, Owen aliandika magazeti ya Uingereza, akawasumbua maofisa, akataka Waafrika wasikilizwe. London Februari 1933 suala likafika bungeni, na Lord Lugard mwenyewe, mtu aliyesaidia kuiteka Uganda kwa ajili ya kampuni, akalalamikia kuvunjwa kwa ahadi. Tofauti yao ni kubwa. Lugard alihofia heshima ya neno la Dola. Owen aliwahofia watu aliowajua kwa majina.

Hata hivyo, waliolibeba jambo hili walikuwa wenyeji. Kelele za dhahabu ndizo zilizozaa Chama cha Kati cha Kavirondo Kaskazini, ambamo Andrea Jumba na Erasto Ligalaba walikuwa miongoni mwa viongozi, na ambacho kilitazama upande wa Wakikuyu wa KCA (Kikuyu Central Association) badala ya kutazama misheni. Walidai hati za ardhi. Dai hili wasomi fulani wameliita uigaji wa Wazungu, eti Mwafrika wa ukoo ana haja gani na karatasi. Nadhani wamekosea kabisa. Watu walikuwa wameona ahadi ya sheria ikifutwa kwa kura za haraka, kwa hiyo walitaka karatasi ambayo serikali yenyewe ingeona aibu kuichana. Hiyo ilikuwa siasa ya watu walioelewa adui yao, na ukisoma ushahidi wa Nyanza mbele ya Carter ukiwa na Desemba 1932 akilini, kurasa hizo zinabadilika. Wanaouliza maswali ya mipaka na hati hawako katika ndoto ya zamani. Wanazungumza na serikali iliyovunja ahadi yake mbele ya macho yao.

Yaliyofuata nitayapita. Rosterman, mgodi mkubwa kuliko yote ya Kakamega, ulitoa zaidi ya wakia 250,000 za dhahabu kabla ya kufungwa mwaka 1952. Kusini mwa ghuba ya Ziwa Nyanza, Macalder huko Migori ilichimba dhahabu na shaba hadi miaka ya 1960. Robert Williams alifariki mwaka 1938. Kisumu ilibaki na bandari, ofisi ya Mkuu wa Mkoa na reli ya tawi la Butere, iliyofunguliwa 1930 na kupita Maseno, Luanda na Yala pembeni mwa nchi ya dhahabu, na vijana wa Gem na Seme waliokwenda mashimoni walirudi na ujira na vikohozi.

Leo Katiba ya 2010 inayahesabu madini kuwa mali ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inaigawia jamii ya mahali asilimia 10 ya mrabaha, kaunti asilimia 20 na serikali ya taifa asilimia 70. Dhahabu ya Isulu na Bushiangala imetafutwa upya na kampuni za kimataifa, na swali la nani ahame, kwenda wapi na kwa fidia gani limerudi kwenye vijiji vilevile. Wanaoitwa kwenye vikao vya umma wanastahili kujua kwamba babu zao waliulizwa swali hilo baada ya jibu kuandikwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Vyuo vyetu vya Maseno na Masinde Muliro vichapishe sehemu ya Nyanza ya ushahidi wa 1934 kwa Kiswahili, Kiluhya na Dholuo, iuzwe kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuimudu. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kipande cha babu, risiti ya fidia ya nyumba au mazao, au barua kutoka ofisi ya mgodi, usiitupe wala usimuuzie mkusanya vitu vya kale. Ipeleke kwenye ofisi ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyo Kisumu au Kakamega, uombe nakala ubaki nayo, na uandike nyuma yake jina la shamba lilipokuwa.