Gundi ao visi? Historia fupi ya karoseri ya magari madogo



Kuko swali moja ambalo watu wanaounganisha magari madogo ya maketi wanajiuliza kila mara wakifika ku kazi ya mwisho. Shasi imekwisha kukauka, magurudumu yanazunguka, viti na usukani viko mahali pake, karoseri imepakwa rangi na inang'aa. Kunabaki tu kuishusha juu ya shasi. Sasa waipige gundi, ile sisi tunaita kole, ibaki pale milele? Ao waiache ishikwe na visi ama na vimeno vyake, ili siku ingine ifunguke?

Mutu anaweza kucheka na kusema hayo ni mambo ya kuchezea. Lakini ukifuata historia yake, utaona kama watu wakubwa, wenye usini kubwa, waliwaza sana juu ya swali hilo, na kila mumoja alijibu kufuatana na mahitaji yake. Ni swali la kila fundi, hata wa kwetu: kitu ninachofunga leo, nani atahitaji kukifungua kesho?

1. Wale walioanza na visi

Mu mwaka wa 1901, Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, alipata haki ya uvumbuzi juu ya muchezo wa vyuma vyenye matundu, ambao kisha uliitwa Meccano. Utamu wake wote ulikuwa mu visi na nati: mutoto anajenga daraja leo, kesho anabomoa, kesho kutwa vyuma vile vile vinakuwa gari. Kitu kisichofunguka hakikuwa na maana mu sanduku hilo.

Ufaransa, Ferdinand de Vazeilles alifuata njia inayofanana na hiyo. Mu mwaka wa 1932 alianza kuuza magari ya Solido. Mengi ya magari hayo ya kwanza yalikuwa ya kufungua na kufunga: shasi moja, karoseri mbalimbali. Mutoto mwenye sanduku moja alikuwa na gari ya familia asubuhi na gari ya mashindano mangaribi. Hapo kufunga karoseri milele kungekuwa kuua muchezo wenyewe.

Tukumbuke pia kama gari za kweli za wakati ule zilikuwa vile. Ford T ya 1908 ilikuwa na shasi ya chuma, na karoseri ilikaa juu yake na kufungwa na bolti. Mutu aliweza kutoa karoseri ya watu na kuweka sanduku la mizigo. Kumbe wanaotengeneza gari ndogo walikuwa wanaiga gari kubwa, hata kwa namna ya kufunga.

2. Riveti inaingia

Halafu mambo yakabadilika. Kampuni ile ile ya Meccano ilianza kutoa magari madogo ya chuma cha kuyeyushwa kwa kusindikiza treni zake za kuchezea, na mu mwaka wa 1934 yakapata jina la Dinky Toys. Mwaka ule ule wa 1934, Citroën ilitoa Traction Avant, gari ya kweli ambayo karoseri na shasi vilikuwa kitu kimoja cha kuchomelea. Sisemi kama moja ilizaa ingine. Lakini wakati ulikuwa unaelekea upande huo: kufunga moja kwa moja.

Kisha vita vya pili vya dunia, njo akili ya riveti ilikomaa kabisa. Mu mwaka wa 1947 vijana wawili wa London, Leslie Smith na Rodney Smith, walianzisha Lesney, na fundi Jack Odell akaungana nao. Mu 1953 wakaleta Matchbox, magari yanayoingia ndani ya sanduku dogo kama la kibiriti. Mu 1968, Mattel ya Marekani ikaleta Hot Wheels, ikianza na magari 16.

Namna ya kuyafunga ni rahisi. Karoseri inatoka mu kalibu ikiwa na vinguzo vidogo ndani. Sahani ya chini ina matundu. Unaweka magurudumu katikati, unashusha sahani juu ya vinguzo, kisha mashine inaponda vichwa vya vinguzo vile. Sekunde chache, kazi imekwisha. Hakuna visi ya kununua, hakuna gundi ya kungojea ikauke, na mutoto hawezi kutoa kipande akakimeza.

Kwa kitu cha bei ndogo kinachotoka kwa mamilioni, sioni namna ya kuwalaumu. Mwenye usini alihesabu vizuri: nani atahitaji kufungua Matchbox kesho? Hakuna. Ikivunjika, baba atanunua ingine.

Lakini hesabu hiyo haikuona mbele sana. Wale watoto walikuwa watu wazima, na magari yao yakawa ukumbusho, mengine yakawa mali ya bei kubwa. Leo mutu anayetaka kusafisha Dinky ya babu yake, kuipaka rangi upya ao kubadilisha kioo kilichopasuka, analazimika kutoboa vichwa vya riveti na dirili. Na akimaliza, wengi wao hawarudishi riveti. Wanachonga njia ndani ya kinguzo na kuweka visi ndogo. Angalieni vizuri: usini ilifunga na riveti, na kisha miaka makumi mengi mutengenezaji amerudi ku visi ya Hornby.

3. Wale waliolazimika kuacha mulango

Kulikuwa pia na kundi ambalo halikuweza kufunga kabisa hata lingetaka. Mu 1957 Uingereza iliona Scalextric ya Fred Francis, magari madogo ya umeme yanayokimbia ndani ya mufereji. Moteri inachafuka, brashi zinaisha, waya inakatika. Karoseri ikipigwa gundi, siku moteri inazimika gari yote inakufa. Kwa hiyo: visi chini, karoseri inatoka.

Japani, mu miaka ya 1960, maketi mengi ya plastiki yaliuzwa na moteri ya umeme na mapile ndani yake. Kampuni kama Tamiya ya Shizuoka zilikomaa mu kazi hiyo. Pile ikiisha lazima ibadilishwe, na ili ibadilishwe lazima karoseri ifunguke. Kisha moteri zikaondolewa mu maketi mengi, yakabaki ya kuangalia tu, lakini tabia ikabaki: maketi mengi ya Tamiya ya kipimo cha 1/24 yametengenezwa karoseri ikae juu ya shasi kwa kubanwa, bila gundi.

Marekani, AMT iliyoanza mu 1948 ilikuwa inatengeneza gari ndogo za plastiki ambazo wauzaji wa gari za kweli walitumia kwa kutangaza modeli za mwaka. Zile zilifika zikiwa zimeunganishwa, na sahani ya chini imefungwa na visi. Mu 1958 AMT ikauza vipande vyenyewe ndani ya sanduku, muteja aunganishe mwenyewe, na sanduku moja lilitoa njia tatu: gari kama ya dukani, gari ya kupambwa, ao gari ya mashindano. Toka hapo uamuzi ukahama. Kwanza usini iliamua. Sasa ni kijana mwenye chupa ya gundi mukononi, peke yake ku meza.

4. Gundi inafanya nini kabisa

Hapa lazima tuelewe kazi ya gundi, juu watu wengi wanafikiri gundi zote ni ndugu.

Gundi ya maketi ya plastiki si ya kubandika. Ni dawa inayoyeyusha. Inalainisha uso wa kipande hiki na uso wa kile, plastiki ya pande mbili inachanganyika, kisha dawa inaenda na hewa na kunabaki plastiki moja. Ni kama kuchomelea. Mutu akijaribu kutenganisha, hatenganishi kiungo, anavunja gari. Na ikidondoka ku rangi ya inje, alama yake haitoki.

Gundi kali ya haraka ina historia yake. Harry Coover na wenzake wa Eastman Kodak waliikuta mu 1942 wakitafuta plastiki angavu kwa vyombo vya kulengea bunduki. Waliiacha juu ilikuwa inanata kila mahali, na ikaingia dukani mu 1958 tu. Moshi wake unaacha ukungu mweupe ku vitu. Polisi wanautumia hata kwa kuonyesha alama za vidole. Sasa wazia mutu anaipiga ndani ya karoseri ambayo vioo vyake vimekwisha kuwekwa, halafu anafunga. Moshi unabaki ndani, vioo vinakuwa na ukungu, na hakuna mulango wa kuingilia kuvisafisha. Kazi ya miezi mitatu imeharibika mu dakika ya mwisho.

Tena, gari yenyewe hainyamazi kisha kufungwa. Matairi laini ya vinyl yana mafuta ndani yake ambayo yanatoka polepole na kula plastiki inayoyagusa. Plastiki ya asetati, ile Norev ya Ufaransa ilitumia kuanzia 1953, inajipinda kwa miaka. Dinky nyingi za kabla ya vita zina ugonjwa wa zinki: kulikuwa uchafu kama risasi ndani ya chuma, na chuma kinavimba, kinapasuka, kinakuwa unga. Ugonjwa wa namna hiyo hauponi. Lakini mwenye gari inayofunguka anaweza kuokoa vipande vilivyo vizima. Mwenye gari iliyofungwa milele anatazama tu.

5. Wanaotetea gundi wana haki pia

Tusidanganye, upande ule mwingine una maneno ya kweli. Maketi zingine zina shasi iliyojipinda, na bila gundi karoseri inakaa pembeni, gari inasimama kama kitanda chenye muguu mufupi. Zingine hazina visi wala vimeno. Zingine zinasafirishwa ku maonyesho, na karoseri isiyoshikwa inaruka-ruka na kukwangua rangi. Na gari ya kumupa mutoto wa miaka sita lazima ishikwe sawasawa.

Hata gari za kweli zinatetea gundi. Lotus Elise ya 1996 ina shasi ya aliminiumu ambayo vipande vyake vimeunganishwa na gundi ya epoksi, na inaenda mbio bila shida. Kwa hiyo mutu asiseme kama gundi ni ya mafundi wavivu. Lakini tuitazame Elise ileile hadi mwisho: shasi imepigwa gundi, ndiyo, karoseri yake inafungwa na bolti na inaweza kutoka. Walifunga milele mifupa. Nguo waliiacha ivuliwe.

6. Kwa hiyo?

Naona historia inatupa kanuni moja. Piga gundi kila kitu ambacho hakuna sababu ya kukifungua: moteri ndani ya shasi, vipande vya kiti, sahani za milango. Karoseri juu ya shasi, usipige. Kama ina visi, tumia visi. Kama ina vimeno, viamini. Kama haina kitu, weka matone mawili ao matatu ya gundi nyeupe ya mbao, mahali pasipoonekana. Inashika kiasi, haina moshi, na siku ya haja inaachia bila kuvunja.

Wafundi wa makumbusho wamekuwa na sheria hiyo toka zamani: ukitengeneza kitu cha zamani, fanya kazi ambayo mwingine ataweza kuifungua. Mara nyingi wanatumia gundi inayoitwa Paraloid B-72, juu asetoni inaiyeyusha tena hata kisha miaka. Hawafanyi hivyo kwa kuwa na mashaka na mikono yao. Wanajua tu kama mutu atakayekuja nyuma anaweza kuwa na vyombo vizuri zaidi, na macho mazuri zaidi.

Sisi tunaoishi ku barabara hizi zetu, hatuhitaji kufundishwa hilo. Land Cruiser ya seria 70, iliyotoka mu 1984, ingali inapita mu matope yetu ikiwa na karoseri iliyofungwa na bolti juu ya shasi, na garaje ya kando ya njia inaifungua na kuirudisha. Na magari ya nyaya ya watoto wa mitaa yetu je? Hayana hata tone la gundi. Kila kiungo ni waya iliyofungwa juu ya waya, na gurudumu likiharibika, mutoto wa miaka nane analifungua na kuweka lingine.

Kufunga milele ni kusema kama kazi imekwisha na hakuna mwingine atakayekuwa na neno la kuongeza. Mara chache ni kweli. Mara nyingi, kisha miaka makumi tatu, mutu atakuwa na ile gari mukononi, atataka kujua ndani kuko nini, na atashukuru akikuta visi.