Mkono wa binadamu ulivyoachwa nyuma na mwanga

Usiku wa giza, Ziwa Tanganyika mbele ya Kipili, wilayani Nkasi, hujaa taa za wavuvi wa dagaa. Mvuvi akiwasha taa karibu na kisiwa cha Ulwile, aliye ufukweni huiona papo hapo. Je, ni papo hapo kweli?

Galileo Galilei alilijadili swali hilo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1638. Watu wawili wenye taa zilizofunikwa wasimame mbalimbali usiku. Wa kwanza afunue yake. Wa pili, akiuona mwanga tu, naye afunue. Kwa busara, alitaka wajizoeze kwanza wakiwa karibu, ndipo wasogee mbali: kuchelewa kukizidi, ziada hiyo ndiyo safari ya mwanga. Alijaribu kwa umbali usiofika maili moja, asione tofauti. Wanazuoni wa Accademia del Cimento ya Florence walifanya jaribio kama hilo kwa umbali wa maili moja, na mwaka 1667 wakaeleza kwamba nao hawakuona kitu.

Hoja ilikuwa sahihi. Kilichokwamisha ni mwili. Tangu jicho lione hadi mkono utende, hupita sekunde 0.2 hivi, na muda huo hubadilika kila jaribio, kwa sehemu kadhaa za mia za sekunde. Mwanga huenda maili moja na kurudi kwa sekunde 0.00001 tu. Mazoezi yote ya Galileo yasingeweza kuuondoa mtikisiko mkubwa kiasi hicho.

Zilibaki njia mbili. Ya kwanza, kuirefusha safari. Mwaka 1676 Ole Rømer, akiwa Paris, alitumia kupatwa kwa Io, mwezi wa Jupita. Huko mwanga huchelewa kwa dakika nzima nzima, hivyo sekunde chache za mtazamaji hazikuharibu hoja yake.

Ya pili, kuuondoa mkono. Mwaka 1849 Hippolyte Fizeau alipitisha mwanga kwenye gurudumu la meno 720 lililozunguka kwa kasi, ukaenda kutoka Suresnes hadi kwenye kioo cha Montmartre, kilomita 8.6, na kurudi. Sasa meno ndiyo yaliyofunika na kufunua. Alipata takriban kilomita 315,000 kwa sekunde. Kipimo rasmi tangu 1983 ni 299,792.458.

Walimu wa fizikia wa Nkasi, wapeni wanafunzi rula waangushiane. Atakayeidaka ikiwa imeshuka sentimita 20 ametumia sekunde 0.2. Katika muda huo mwanga huenda kilomita 60,000, yaani mzingo wa dunia mara moja na nusu.